Reli ya Mombasa irefushwe, lakini isianzie kwetu Kisauni

Kaa maskani yoyote ya Kisauni jioni, mazungumzo ya mpira yakiisha yanaingia ya foleni, na ya foleni hayaishi mpaka mtu mmoja aseme serikali ituletee treni bwana, kwani sisi hatulipi kodi, treni ivuke Nyali ipite Kongowea, Bombolulu, Bamburi mpaka Mtwapa na sisi tupumue. Mimi nakaa Kiembeni kwa hivo najua vizuri hayo maneno yanatoka wapi. Lakini kwa hili ntaenda kinyume na majirani zangu. Reli ya abiria ya Mombasa irefushwe, tena haraka, ila isianzie kwetu, ianzie kule magharibi ambako chuma kishalazwa chini tayari, Changamwe na Jomvu na Miritini, isonge mbele Mazeras na Mariakani, na sisi wa upande huu tupewe kitu kingine ambacho kitatufikia kabla watoto wetu hawajamaliza shule.

Kabla hamjanirushia mawe tuangalie hesabu, na hesabu zenyewe kwanza ziko upande wenu. Sensa ya 2019 ilikuta watu 1,208,333 kaunti nzima, kutoka 939,370 ya mwaka 2009. Kisauni pekee 291,930, Nyali 216,577, ukijumlisha ni 508,507, yaani katika kila watu 100 wa Mombasa 42 wanalala ng'ambo ya daraja la Nyali. Changamwe na Jomvu pamoja ni 295,297, kama robo hivi. Likoni 250,358. Kisiwani kwenyewe, Mvita, ni 154,171 tu, na huko ndiko karibu kila mtu anakoelekea asubuhi, awe wa ofisini, wa bandarini, wa Marikiti, mwenye kesi mahakamani ama mwenye mgonjwa hospitali kuu. Na hapo bado Mtwapa, ambayo kwenye ramani ni Kilifi lakini kwa maisha ni Mombasa kabisa, watu wanalala kule wanafanya kazi huku.

Kwa hiyo kwa hesabu ya vichwa treni ni ya Kisauni, sina ubishi. Ubishi unaanza ukiuliza itapita wapi.

Mombasa ni kisiwa chenye milango mitatu, magharibi Makupa, kaskazini daraja la Nyali, kusini feri ya Likoni. Reli imepitia mlango mmoja tu, Makupa, tangu Waingereza walipoanza kulaza vyuma mwaka 1896 kuelekea Ziwa Victoria, na wakafika kule 1901. Ile reli nyembamba, ya upana wa mita moja, ndiyo iliyobaki mpaka leo. Hata ndani ya mji palikuwa na vireli mwanzoni mwa karne iliyopita, vitoroli vya kukalia vinavyosukumwa na watu kwa mikono mpaka Kilindini, mabwana wakubwa wamekaa chini ya kivuli wanapepewa na upepo na wanaosukuma wanatoka jasho (huo nao ulikuwa usafiri wa umma ukitaka, ila umma ndio uliokuwa unasukuma). Kisauni haikuguswa na chuma chochote. Daraja la kwanza la Nyali lilikuwa la kuelea, 1931, hili tulilonalo likafunguliwa 1980, na yote mawili ni ya magari na miguu.

Alafu ikaja SGR, ile reli mpya pana ya kutoka Nairobi. Tarehe 31 Mei 2017 treni ikazinduliwa, na badala ya kuingia mjini kama ile ya zamani ikaishia Miritini, porini kwa maana ya wakati ule. Abiria anatoka Nairobi, siku hizi kiti cha kawaida ni 1,500 tangu Januari 2024, kilianza na 700, anashuka pale na begi lake na watoto wamelala mabegani, treni ya usiku inamfikisha alfajiri, na hapo nje ndo anaanza safari nyingine ya kubishana bei na teksi, tuktuk na matatu. Ndo sababu likaja wazo la kufufua ile reli ya mita, wajenge kipande cha kuunganisha stesheni ya SGR na reli ya zamani, watengeneze njia mpaka stesheni ya mjini kule mwisho wa Haile Selassie, na daraja la reli pale Makupa ambapo zamani palikuwa pamezibwa kwa mawe na udongo. Wazo zuri, silipingi hata kidogo.

Linalonikera ni fikra iliyolizaa, kwamba hii ni treni ya wasafiri. Ukiipanga kwa ajili ya abiria wa SGR basi ratiba itafuata SGR, itangoja Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, ifike ndo iondoke, na katikati ya siku italala. Abiria wa SGR hata treni zote zikijaa ni elfu chache kwa siku. Jomvu peke yake ina watu 163,415, na wanaamka kila siku, wala hawasubiri likizo ya Disemba.

Simama Mikindani barabarani saa kumi na moja na nusu asubuhi uone. Kuna wanaosimama steji, na kuna msururu mwengine, mrefu, wanaotembea. Wanawake wa viwandani na mikoba midogo ya plastiki yenye chakula cha mchana, vijana wa mjengo na viatu vya kazi vimefungwa kamba vikaning'inizwa shingoni, wote wanafuata ukingo wa barabara na malori ya kontena yanawapita hatua mbili kando, vumbi na moshi, na hao si kwamba wanafanya mazoezi, nauli ya kwenda na kurudi ukiipiga mara siku ishirini na sita za kazi ni kodi ya nyumba ya mtu. Mvua ikinyesha nauli inapanda na hakuna wa kumuuliza. Walio kwenye matatu nao wana yao, gari likifika karibu na Makupa na foleni imeshikana, makanga anageuka nyuma kwa sauti ya upole kabisa utadhani anawafanyia hisani, "jamani mwisho hapa, shukeni", na umelipa mpaka Mwembe Tayari. Yote haya yanatokea mtu akiwa na njia ya reli upande mmoja, mahali pengine unaiona kwa macho, nyasi zimeota kando yake na mbuzi wanakula.

Huyo ndiye abiria wa treni. Yupo tayari, hahitaji kutafutwa kwa tangazo.

Sasa mtu atanambia mbona umeme, mbona zile treni nyeupe za kisasa kama za Ulaya. Tuangalie jirani. Addis Ababa walifungua reli yao nyepesi Septemba 2015, kilomita 34 hivi, treni 41, gharama dola milioni 475, na asilimia 85 ya hizo ni mkopo wa Benki ya Exim ya China. Ilikuwa fahari ya Afrika, kila mtu akapiga picha. Haikupita miaka mingi treni nyingi zikawa zimeegeshwa tu, vipuri hakuna, dola za kuviagiza hakuna, nauli imewekwa chini ili watu wamudu lakini pesa ya kuziba pengo haikuekwa, na abiria waliobaki wanasongamana kwenye chache zinazotembea. Ni kama mtu ajikope apike biriani ya arusi kubwa, alafu mwezi unaofuata hana hela ya gesi. Deni liko pale pale.

Geukia Dar sasa. 2012 walichukua reli zao za zamani, zile zile za mita, wakatia mabehewa ya abiria asubuhi na jioni kutoka stesheni ya mjini mpaka Ubungo Maziwa, na nyingine kwenye reli ya TAZARA, na watu wakaipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, treni ya Mwakyembe. Haikuwa na urembo wowote. Ilijaa pomoni siku hiyo hiyo. Nairobi nao 2020 wakaagiza treni za dizeli za mtumba kutoka Uhispania kwa ajili ya mitaa yao, na watu walicheka sana neno mtumba, lakini kwani sisi sote hapa tunavaa nini? Gari kuukuu linalopita kila siku saa ile ile linamfaa mfanyakazi wa Changamwe kuliko jipya linalopita likipenda.

Na kupita ndo penyewe. Ukisikia kiongozi anazungumzia reli utasikia kilomita na mabilioni, husikii dakika. Reli hii ni ya njia moja, treni mbili haziwezi kupishana ila mahali palipo na njia ya pembeni. Tuseme treni inachukua nusu saa kutoka Miritini mpaka mjini na nusu saa kurudi, ongeza za kupakia na kugeuza kichwa, ukiwa na treni moja tu abiria aliyeikosa anangoja saa nzima na zaidi. Saa nzima! Matatu ya Magongo zimempita thelathini. Huyo hakurudii tena, na hana makosa. Lakini ukieka njia za kupishana mbili tatu, na treni tatu, unaweza kuteremsha ikawa kila dakika ishirini hivi wakati wa asubuhi na jioni, na kwa dakika ishirini mtu hahitaji kukariri ratiba, anatoka tu. Pesa ya kujenga njia za kupishana ni ndogo mno ukilinganisha na kujenga reli mpya, lakini hakuna mwanasiasa anayekata utepe wa njia ya kupishana, haina picha nzuri.

Alafu kuna jambo ambalo halizungumzwi kabisa, mtu anafikaje stesheni. Mikindani imekaa juu na mabondeni, vijia vinapita katikati ya nyumba, kuna ngazi za mawe zilizochimbwa na watu wenyewe, kuna mfereji wa maji machafu unarukwa kwa ubao mmoja, taa hakuna. Mwanamke anayetoka kazini saa mbili usiku hatapita hapo kwa sababu treni ni nafuu. Atapanda boda, na boda kila upande ukijumlisha na tikiti ya treni imeshapita nauli ya matatu, basi, treni imeshindwa kabla haijaanza, na wakubwa watasema watu wa Mombasa hawapendi treni.

Hapa ndipo siasa zetu zinapojificha. Kwa katiba ya 2010 reli ni kazi ya serikali kuu, kaunti haina mkono hapo. Lakini barabara za mitaani, taa za njiani, mipango ya ardhi, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani ni kazi ya kaunti. Yaani Shirika la Reli linaweza kuleta treni nzuri kabisa ikasimama Jomvu, na mita mia tatu za mwisho, za tope na giza, hazimhusu. Kila upande unamwachia mwenzake. Nshasikia watu wakisema kaunti haina pesa za reli, ni kweli, ila haijaombwa reli, imeombwa ngazi za zege, taa na kijia cha kupita miguu.

Nije kwenye kurefusha sasa. Kwa nini Mazeras na Mariakani? Kwa sababu mji unakwenda huko hata kama hatujaubariki. Mtu wa Mombasa wa mshahara wa kawaida leo hawezi kununua ardhi Nyali, hawezi Bamburi, Kisauni kwenyewe bei zishakuwa za kutisha na hati nyingi zina matatizo ya tangu enzi za babu, masikwota upande mmoja na mwenye shamba asiyeonekana upande wa pili. Kwa hiyo anapanda juu, anapita Miritini, anatafuta ploti yake ya futi hamsini kwa mia upande wa Mazeras na kuendelea, bikoni nne za saruji kwenye nyasi, anaanza kupeleka mawe mdogo mdogo. Miaka kumi ijayo huyo mtu na familia yake watakuwa wanakaa kule na watakuwa wanashuka mjini kila asubuhi kwa barabara ile ile ya malori ya bandari. Na reli ya mita inapita huko huko! Haihitaji daraja jipya juu ya bahari. Inahitaji kukarabatiwa, kuekewa vituo, na mabehewa.

Tena kuna nafasi hapa ambayo haitarudi. Sasa hivi kando ya vituo vya kule juu bado kuna ardhi tupu. Kaunti za Kilifi na Kwale zikikaa na Mombasa na serikali kuu wakapanga mapema, sokoni hapa, steji ya matatu hapa, shule hapa, nyumba za kupanga za ghorofa karibu na kituo, mji utakua ukiizunguka treni. Tukingoja, mawakala watauza kila kipande mpaka ukuta wa reli, kituo kitabaki kimebanwa katikati ya karakana na baa, na njia ya kuingia haina upana wa mkokoteni. Tunajua hivo kwa sababu ndivyo tulivyofanya Kisauni.

Na Kisauni ndo nirudi, nisiwakimbie majirani. Kuleta reli kwetu ni kuvuka maji, ama sambamba na daraja la Nyali ama kwengine kwenye mkono wa bahari wa Tudor, na daraja la reli haliwezi kupanda na kushuka ghafla kama la magari, linataka nafasi ndefu ya kupandia pande zote mbili. Hiyo nafasi upande wa Kongowea iko wapi? Soko lile limejaa mpaka barabarani. Kutoka hapo mpaka Bamburi kila mita ina duka, msikiti, kanisa, kituo cha petroli, nyumba ya mtu. Kabla tofali moja halijalazwa itakuwa ni fidia, kesi, zuio la mahakama, fidia ya pili kwa mtu aliyejitokeza na hati nyingine ya ploti ile ile. Sisemi haiwezekani. Nasema anayekuahidi hiyo kwa muhula mmoja anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kitu kinachoweza kuja mapema upande wetu ni njia ya basi. Daraja la Nyali lina njia sita. Chukua moja kila upande, saa za asubuhi na jioni, iwe ya mabasi na matatu tu, na uilinde kweli, sio rangi ya manjano chini alafu kila mwenye gari kubwa anapita. Dar wana mwendokasi, mabasi yenye njia yao peke yao, tangu 2016 na pamoja na malalamiko yote, na malalamiko yapo mengi, mabasi machache na vituo kujaa, hakuna mtu wa Kimara anayeomba irudishwe ilivyokuwa. Barabara yetu ya kuelekea Mtwapa na Kilifi inapanuliwa, njia nne, na huo ndo wakati wa kudai, maana kuchonga njia ya basi barabara ikiwa bado inajengwa ni karatasi na rangi, na kuichonga ikishamalizika ni vita. Pamoja na hilo kaunti itenge ukanda wa ardhi sasa hivi kwa ajili ya reli ya baadaye, upande wa juu wa Utange na Shanzu huko ambako bado kuna mashamba, iuchore kwenye ramani na ikatae kupitisha plani ya jengo lolote ndani yake. Huo ukanda hauna sherehe ya ufunguzi, najua, lakini ndio utakaoamua kama wajukuu wetu watapata treni ama watapata kesi.

Likoni sitaisema sana, shida yake ni maji na feri na inataka makala yake yenyewe, ila barabara ya Dongo Kundu na madaraja yake imeshafungua njia ya kuzunguka, na mabasi ya kutoka kule yakifikishwa Miritini kwenye treni, mtu wa kusini naye anaingia mjini bila kugusa feri.

Halafu wenye matatu. Watu wanaogopa kulisema hili lakini treni isiyokubaliana na matatu Mombasa haitafika mbali, ni maelfu ya familia zinakula hapo, madereva, makanga, mafundi wa gereji, mama wa mahamri pale steji. Wakiona treni inakuja kuwanyang'anya watashusha nauli miezi miwili mpaka mabehewa yatoke matupu, alafu watapandisha tena. Lakini dereva yeyote wa Jomvu muulize, hasara yake iko Changamwe na Makupa anapokaa kwenye foleni dizeli inaungua na tripu zinapungua. Mpe kazi ya kuzunguka mitaani na kumwaga watu kituoni, tripu fupi fupi, gari linajaa na kumwagika kila dakika kumi, atapata pesa yake na tairi zitadumu. Hiyo inataka wenye matatu na sacco zao, yaani vyama vyao, wakae chini na Shirika la Reli kabla ya nauli kutangazwa, wakubaliane tikiti moja inayolipika kwa simu, tuktuk na treni pamoja, na wakubaliane kituo cha matatu kiwe mlangoni mwa stesheni sio ng'ambo ya barabara kuu.

Na treni ya mwisho isiwe saa kumi na mbili jioni. Wa bandarini anatoka zamu usiku, mpishi wa hoteli anatoka usiku, wa duka la jumla Mwembe Tayari anafunga saa mbili. Treni ikimpeleka asubuhi na kumtelekeza usiku atakuwa analipa nauli mbili tofauti, na mwezi wa pili ataiacha. Kaunti inaita watu kwenye ushirikishaji wa umma kabla ya bajeti kupitishwa, wodi za Mikindani, Jomvu Kuu na Miritini zina wawakilishi wao kwenye bunge la kaunti, na ngazi, taa na kijia cha kwenda kituoni ni vitu vya bajeti ya wodi, havihitaji mkopo wa China wala ziara ya rais. Wa kule waende wakadai hayo mwaka huu. Sisi wa Kisauni twende tukadai njia yetu ya basi kabla lami ya mwisho haijamwagwa.